Barafu Yenye Chumvi

Muulize mwanamke yeyote aliyeuza samaki Kisumu miaka ile ya themanini, atakuambia Beldina Nabwire alikuwa na mkono. Samaki wake hawakunuka. Wenzake wakifika adhuhuri wakipambana na nzi kwa kipande cha katoni, mbuta wake yeye bado jicho linang'aa na ngozi inateleza, na wanawake wa Milimani, mtaa wa wenye pesa, wanawapita wengine wote kwenda kusimama mbele ya meza yake. Wenye wivu walisema ana dawa. Dawa gani! Alikuwa na barafu, pumba za mpunga za kufunikia, na chumvi ya mawe. Basi.

Alizaliwa Port Victoria, kwa watu wa samaki tangu zamani. Mama yake alibanika ngege kwa moshi mpaka macho yakaharibika, na Beldina alijiapiza kwamba yeye hatakula moshi. Mbuta alipojaa ziwani na malori ya barafu yakaanza kushuka ufuoni, alijisogeza kwa wapakiaji akawa anauliza maswali. Hao ndio waliomfundisha siri ya chumvi. Barafu tupu ni pole, walimwambia, lakini ukiimwagia chumvi ya mawe inakuwa kali, inauma vidole mpaka vinakufa ganzi, na samaki aliyelala humo anatoka mgumu, ukimgonga mezani analia ko! Beldina alilishika somo hilo. Kitu kinachooza kinaokolewa na baridi, na baridi ikizidi, ndivyo kinavyozidi kuokoka. Kuhusu samaki alikuwa sahihi kabisa.

Aliolewa na Ogola, Mjaluo mpole aliyebeba mizigo kwenye maghala ya gatini, wakapanga chumba Nyalenda. Kifungua mimba wao alikuwa Awuor, msichana mwenye maneno mengi, anayejua kuigiza kila mwalimu wa shule yake na kila mchungaji wa mtaa. Habari hii ni ya Beldina, lakini bila Awuor hakuna habari. Mtoto huyo alipokuwa na miaka kumi na miwili aliingiwa na kiu.

Si kiu ya kucheza juani. Alikunywa maji ya familia nzima, akaenda kwenye bomba la mtaa akakinga mikono akanywa tena, mpaka wanawake waliopanga mitungi wakaanza kunung'unika. Halafu akaanza kukojoa kitandani, msichana wa miaka kumi na miwili. Beldina alimchapa, na tuseme ukweli, wewe pia ungemchapa. Godoro likatolewa nje kila asubuhi mbele ya macho ya majirani, na sisimizi wakaja kwenye lile doa kana kwamba mtu amemwaga chai ya sukari. Beldina aliwaona wale sisimizi. Aliwafagia tu, akaenda sokoni.

Mtoto akakonda. Alikula ugali wa watu wawili na bado sketi ya shule ikawa inafungwa kwa pini. Hapo ndipo kila mtu Nyalenda alipogeuka daktari. Jirani wa kulia alisema ni minyoo. Jirani wa kushoto alisema ni malaria iliyojificha kwenye mifupa, sijui alipata wapi malaria ya namna hiyo. Mama mkwe, Dorca, alikuja kutoka nyumbani na kuku mmoja chini ya kwapa, akamtazama mjukuu wake, akamtazama mama mtoto. "Nyar Bunyala," alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Bunyala, kwao Port Victoria, "huyu mtoto ako na chira." Chira ni ule ugonjwa wa kunyauka unaoingia nyumba iliyovunja mwiko. Nani kavunja? Dorca hakusema, lakini alikuwa anamtazama Beldina, na Beldina alielewa vizuri kabisa. Walimnywesha mtoto majani machungu hadi akatapika. Walimpeleka kwa watu wa maombi wenye kanzu nyeupe, wakamwombea akiwa amelala chini, kwa kuwa kusimama alikuwa hawezi tena.

Asubuhi moja Awuor hakuamka. Pumzi ilikuwa inaenda mbio na mdomo unanuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Ogola alimbeba begani, yeye mzoefu wa magunia, na baadaye alisema huo ndio mzigo pekee uliomtisha maishani kwa kuwa mwepesi. Kwenye hospitali kubwa waliuchemsha mkojo wa mtoto ndani ya kichupa cha dawa ya buluu, na ile buluu ikageuka nyekundu ya matofali. Sukari, wakasema. Beldina alisema haiwezekani, kwetu sukari inanunuliwa ya kupimiwa kwenye karatasi, mtoto ataipata wapi ya kumfanya augue. Sukari ni ya mabwana wenye matumbo. Daktari hakuwa na muda wa kubishana naye.

Awuor alizinduka. Baada ya wiki chache za wodini akaanza kumwigiza muuguzi mkuu, na wodi nzima ikacheka, ndipo Beldina akajua mtoto wake amerudi. Walimfundisha Beldina kuchemsha bomba la sindano la kioo, kuvuta dawa mpaka kwenye mstari, kubana nyama ya paja na kudunga. Alilia mara ya kwanza, yeye, si mtoto. Waliagana na muuguzi mlangoni, wodi imejaa, watoto wawili wawili kitandani. Muuguzi alisema dawa ikae kwenye friji. Beldina alisema hana friji. Basi, mahali pa baridi, muuguzi akasema, isiingie joto, ikiingia joto inakufa. Akaitwa upande mwingine akaenda. Maelezo yote aliyopewa Beldina kuhusu kuitunza ile dawa yaliishia hapo, na huwezi kumlaumu sana yule muuguzi, siku ile alikuwa peke yake.

Mahali pa baridi! Kama kulikuwa na mwanamke Kisumu nzima aliyejua mahali pa baridi, ni huyu. Alirudi nyumbani karibu anatabasamu. Alichukua sanduku dogo la mbao, akaliweka gunia ndani, akatia barafu ya samaki iliyovunjwa na pumba juu yake, akaifunga chupa kwenye karatasi ya plastiki na kuilaza hapo katikati. Ilikuwa miezi ya mvua. Awuor alinenepa. Alirudi shule. Kiu ikaisha, godoro likabaki ndani.

Hata hivyo Beldina hakutulia, kwa sababu alitaka kujua. Ataishi? Atazaa? Atadungwa mpaka lini? Alisikiliza redio ya jirani siku daktari mmoja alipozungumzia ugonjwa wa sukari, akaacha hata samaki wake juani, na yule daktari akazungumza kipindi kizima juu ya wazee wanene wanaopenda bia. Habari ya watoto hakuigusa. Mwalimu wa Awuor alimtafutia kijitabu, akamsomea: punguza uzito, fanya mazoezi, kula kidogo. Kupunguza uzito, mtoto aliyekuwa juzijuzi mifupa mitupu! Siku nyingine Awuor alianza kutetemeka na kutokwa jasho baada ya sindano, akaomba sukari, na jirani akampokonya kijiko mkononi akisema anataka kujiua. Ni Beldina aliyefika na kumpa, kwa sababu tu macho ya mtoto yalimwogopesha kuliko maneno ya jirani. Mtoto akapata nafuu palepale. Kwa hiyo sukari inaua na sukari inaponya. Nani angemweleza hilo? Kliniki walikuwa wanaandika, wanakupa dawa, wanaita mwingine. Alichojua alikiokota mwenyewe kipande kwa kipande, na kile alichokuwa na uhakika nacho kabisa kilikuwa ni barafu.

Januari ikaja na jua lake. Barafu iliyokuwa inakaa hadi kesho yake sasa inakuwa maji kabla ya jioni. Beldina akafanya vile alivyofanya kwa samaki kila kiangazi. Akaitia chumvi ya mawe. Asubuhi aliikuta chupa imeganda, nyeupe, ngumu, akaifurahia kweli. Aliishika kiganjani mpaka ikayeyuka, akavuta dawa, akadunga.

Wiki hiyohiyo ndipo alipokutana na Seline.

Walikaa benchi moja kliniki. Seline alikuwa ametoka Awasi na mwanawe Tom, wa miaka tisa, kichwa kikubwa juu ya shingo nyembamba, sindano ndiyo kwanza ameanza. Alikuwa mwanamke wa kuuza vitunguu, mjane, na alikuwa amechanganyikiwa vilevile Beldina alivyochanganyikiwa mwaka uliopita. Alimwangalia Awuor, mashavu yamejaa, anawaigiza wagonjwa wenzake, akamuuliza Beldina kwa sauti ya chini amefanyaje. Hakuna aliyewahi kumuuliza Beldina swali kama hilo. Mwaka mzima yeye ndiye aliyekuwa anauliza watu. Akamweleza yote, kuchemsha sindano, kubadilisha paja, kijiko cha sukari mtoto akitetemeka, na kwa kweli hayo yote yalikuwa mema. Kisha akafika kwenye barafu.

"Hii ndiyo siri yenyewe," alimwambia. "Usikose barafu, na usisahau chumvi."

Seline alisema Awasi atatoa wapi barafu. Na Beldina, kwa moyo wake wote, akampangia. Mwenzake wa sokoni, Lornah, alikuwa anapeleka samaki Awasi kila siku na masanduku yake ya barafu. Atamwambia ampe Seline kipande bure. Seline alimshika mikono miwili. Alisema Mungu amemkalisha kwenye benchi hilo kwa makusudi. Beldina alirudi Nyalenda siku ile akijiona mtu, nami simcheki, ni raha kubwa kuwa na kitu cha kumpa mwenzako anayezama.

Haukupita muda mrefu, kiu ikamrudia Awuor.

Beldina alikataa kuiona kwanza. Halafu godoro likatoka nje tena. Alizidisha uangalifu, akazidisha barafu, akazidisha chumvi. Alidunga bila kukosa. Mtoto akawa anayeyuka mbele yake na maigizo yakakoma. Dorca akarudi, safari hii bila kuku, akamwambia mwanawe waziwazi kwamba dawa ya Wazungu imeshindwa na mambo ya nyumbani yatafutiwe dawa ya nyumbani. Ogola, ambaye hakuwahi kupaza sauti yake, alikaa kitandani akashika kichwa. Alimwuliza mkewe kama hawamtesi tu mtoto na hizi sindano, wamuache apumzike. Beldina alikaribia kukubali. Sindano asubuhi, sindano jioni, na mtoto anakufa, wewe ungesemaje? Lakini alikuwa mwanamke wa sokoni, na mwanamke wa sokoni akiuziwa kitu kikaharibika, anakirudisha kwa aliyemuuzia. Aliibeba chupa ndani ya sanduku lake na barafu yake yote, akamshika mtoto mkono, akaenda hospitali kugomba.

Siku hiyo kliniki alikuwepo tabibu mpya, Walubengo, kijana mrefu wa Bungoma. Beldina alimwambia dawa yenu ni maji. Walubengo hakukasirika. Alimlaza Awuor, akaagiza adungwe kutoka chupa ya hospitali, kisha akaomba aione ile chupa. Aliiviringisha mbele ya dirisha. Ndani ya ile dawa nyeupe kulikuwa na mabonge madogo, kama maziwa yaliyokatika.

"Mama, unaiweka wapi?"

Akafungua sanduku, tena kwa fahari kidogo. Walubengo alitia kidole kwenye barafu akakitoa haraka. Akakiramba.

"Chumvi," alisema.

Alimkalisha chini. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie nyumbani kwake, mtu aliyesomea alimweleza jambo hadi mwisho. Dawa hii ni ya baridi, ndiyo, lakini si ya kuganda. Joto linaiua polepole, na kuganda kunaiua mara moja, na ikishaganda hata ukiiyeyusha haifufuki, ni ya kutupa. Kama hana friji, achukue chungu cha udongo, atie mchanga, aumwagie maji, aiweke chupa katikati kwenye kivuli ndani ya nyumba. Barafu isiiguse kabisa, na chumvi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inaongeza kuganda. Mtoto hakurogwa na hakuna mwiko uliovunjwa. Watoto hupata ugonjwa huu hata wakiwa wembamba, hata kwenye nyumba zisizo na sukari, na wakidungwa dawa nzima wanakua na kuoa na kuolewa. Beldina alikuwa anatikisa kichwa, anaitika, ndiyo daktari, ndiyo. Chungu. Mchanga. Kivuli. Wiki hizi zote alikuwa anamdunga mwanawe maji. Alitaka kulia na wakati huohuo alitaka kucheka kwa furaha kwamba kumbe ni hilo tu. Halafu, katikati ya kuitika, akamkumbuka Seline.

Awuor alilazwa, na kuondoka kando ya kitanda chake hakuwezekana. Beldina alimtuma mtu kwa Lornah sokoni, amwambie yule mama wa vitunguu aache barafu, atupe dawa, aende hospitali upesi, bila kutaja sababu. Jibu lililorudi ni kwamba Seline haonekani siku hizi kuja kuchukua barafu. Beldina alijifariji. Labda amepata friji ya mtu. Labda jua la Awasi limepoa. Aliyasema hayo moyoni akijua anajidanganya.

Awuor alipoanza kuketi wima kitandani na kuomba ugali, Beldina aliomba kichupa kimoja kipya kwa Walubengo, akamwambia ni cha nani na kwa nini. Walubengo alimpa. Alikitia kwenye chungu kidogo chenye mchanga wa maji, akakifunga kwa kitambaa. Usiku ule Ogola alimwambia neno ambalo alikuwa amelifikiria sana.

"Ukimkuta mtoto yuko hai, mwambie kila kitu," alisema. "Ukimkuta hayuko, nyamaza. Utamwambia ili iweje?"

Alifika Awasi siku ya soko. Lornah alimwonyesha njia, ng'ambo ya barabara ya Kericho, kupita mashamba ya mahindi hadi boma lenye ua wa miti ya ojuok. Hakumwambia lolote zaidi na Beldina hakuuliza. Alimkuta Seline ameketi kwenye mkeka anachambua vitunguu. Kando ya nyumba kulikuwa na tuta la udongo mbichi, dogo, fupi.

Seline aliinuka akamkumbatia. Alisema alijua atakuja, wengine wamechelewa lakini yeye alijua atakuja. Alidhani amekuja kutoa pole, na Beldina alisimama ndani ya mikono yake na chungu kifuani. Aliketishwa, akaletewa maji. Seline akaanza kusimulia, kama wafiwa wanavyosimulia, kila kitu kwa mpangilio wake. Tom hakukosa sindano hata moja. Barafu haikukosekana, na chumvi haikukosekana, yeye mwenyewe aliponda mawe ya chumvi kila jioni. Watu walimcheka, wakamwambia ampeleke kwa maombi, akawaambia ana dada yake Kisumu ambaye mtoto wake alipona kwa njia hii hii. Mwisho mtoto aliomba maji, akanywa, akaomba tena, na kabla hayajafika akawa ameenda.

"Nilifanya yote uliyonifundisha," Seline alisema. "Kama si wewe ningejilaumu mpaka kaburini."

Aliingia ndani akatoka na chupa mbili. Zilibaki, alisema. Alizitunza kwenye barafu mpaka siku ya mazishi, zisiharibike, akijua Awuor atazihitaji. Akazitia mkononi mwa Beldina na kuvikunja vidole vyake juu yazo.

Hapo Beldina angeweza kushukuru akaondoka. Lornah hakuelezwa sababu. Walubengo alikuwa mbali. Mume wake mwenyewe alikuwa amempa ruhusa, na moyo wake ulimwambia Ogola ana haki, huyu mama ana kitu kimoja tu cha kujifariji nacho, unamnyang'anyaje? Alishafungua mdomo kusema asante. Seline alikuwa bado anazungumza. Alikuwa anasema kwamba angalau kifo cha Tom hakikuwa cha bure, kwa sababu kule karibu na kiwanda cha sukari kuna mama mmoja, Nelima, mke wa mkata miwa, binti yake ameanzishwa sindano mwezi uliopita, na hakuna anayemwelekeza. Amemwelekeza yeye. Sasa ni Nelima anayechukua ile barafu ya Lornah.

"Na chumvi?" Beldina aliuliza.

"Na chumvi. Nilimpa yangu iliyobaki."

Beldina aliziweka chupa mbili chini kwenye mkeka. Alimwambia. Hakuzunguka, kwa sababu angezunguka asingefika. Alimwambia barafu inaigandisha dawa na dawa ikiganda imekufa, na chumvi ndiyo inayoigandisha kabisa, na Awuor pia amelala hospitali, kwa barafu hiyohiyo, na kwamba hakuna daktari aliyemwambia aitumie, ni mambo ya samaki aliyoyatoa kichwani mwake.

Seline hakulia. Aliokota kitunguu kimoja, akakimenya ganda la juu, akaendelea kumenya mpaka kikabaki kidogo sana. Jogoo alipita kati yao wala hakuna aliyemfukuza.

"Ningeiacha tu mezani," alisema mwishowe. "Bila barafu. Ndani ya nyumba tu. Angekuwepo?"

Beldina alitaka kusema sijui. Ni neno dogo, nani angemlaumu? Lakini alikuwa anajua, Walubengo alishamweleza hadi mwisho. Mezani ile dawa ingekufa polepole, na kabla haijafa chupa yenyewe ingekuwa imeisha.

"Angekuwepo," alisema.

Seline aliingia ndani ya nyumba akakaa huko. Beldina alibaki kwenye mkeka akisikiliza, tayari kwa lolote, matusi, mwiko wa ugali, chochote, na kwa kweli angevipokea vyote kwa shukrani. Seline alipotoka alikuwa amefunga leso kiunoni na amevaa viatu vyake vya sokoni.

"Nelima anadunga jioni," alisema. "Ni mbali. Twende."

Alitangulia. Njia nzima, kati ya miwa, hakugeuka nyuma, na Beldina alimfuata amekumbatia chungu chake, akiutazama mgongo ule tu. Alitamani amtukane. Jua lilikuwa limeanza kulala walipofika kwenye nyumba za wakata miwa. Mlangoni alikaa msichana mwembamba, kikombe cha maji mkononi, anakunywa, akakimaliza, akachota tena kwenye ndoo pembeni yake. Yuko hai.

Nelima alitoka akipangusa mikono, ndani sindano inachemka kwenye sufuria. Aliwakaribisha. Seline hakukaa.

"Mama, ile barafu niliyokuambia ni makosa," alisema. "Inaua dawa. Usimdunge na ile chupa. Huyu amekuletea nyingine, nzima."

Nelima alimtazama bila kuelewa, kisha akamtazama binti yake, kisha lile sanduku la barafu kwenye kona ya nyumba. Uso wake ulibadilika. Alisogea akasimama kati yao na mtoto.

"Na wewe, nani alikuambia uniambie barafu?"

Kwa mara ya kwanza tangu waondoke Awasi, Seline aligeuka nyuma. Beldina alipita mbele yake, akaweka chungu chini mlangoni.

"Ni mimi," alisema.

Nelima aliendelea kuwatazama wote wawili. Kisha akakiinua chungu, akakifungua kile kitambaa, akaingiza vidole kwenye mchanga wenye maji kuutafuta ubaridi wake, na akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye hatadanganywa tena, na hiki chungu nacho ni nani amesema.